Kanuni ya Siku 90 na Mafaili ya Rufiji

Mtu akitafuta habari za kata ya Mahege za miaka 20 iliyopita kwa kuandika neno Kibiti, atakosa karibu kila kitu. Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Yaliyoandikwa kabla ya hapo, ziwe ramani za mikoko, rejesta za kaya au mihtasari ya vikao vya vijiji, yamo kwenye mafaili yenye jina Rufiji. Asiyejua historia ya eneo hili akiyaona mafaili hayo atadhani ni ya wilaya nyingine, tena yaliyopitwa na wakati.

Mafaili ya namna hiyo sasa yanaingizwa kwenye hifadhi za wingu, mengine kwa kuskaniwa, mengine kwa kunakiliwa kutoka diski za miradi iliyokwisha. Huko kuna kitu ambacho karani wa masijala hakuwahi kuwa nacho: kanuni ya kuhamisha inayofanya kazi yenyewe. Unaandika mara moja kwamba faili likifikisha siku 90 lishuke kwenye hifadhi ya bei nafuu, likifikisha mwaka lishuke tena, na mfumo unapita kila siku kutekeleza. Amazon walifungua njia hiyo mwaka 2012, mwaka ule ule walipoleta hifadhi yao ya Glacier. Google na Microsoft nao wana kanuni zinazofanana na hizo.

Mimi ni mtetezi wa kanuni hizi. Natamani halmashauri, vituo vya utafiti na miradi midogo ya mikoko wazitumie, kwa sababu fedha inayookolewa ni ya kweli na matumizi mengine yanaisubiri. Ndiyo maana zinanikera hoja dhaifu zinazozizunguka, za wanaozisifia bila kuzisoma na za wanaoziogopa bila kuzijaribu. Nitazijibu moja baada ya nyingine, na zile zinazoleta madhara makubwa nitazikalia zaidi.

"Faili la zamani halitumiki."

Hoja hii ndiyo inayozaa nyingine nyingi, na imesimama juu ya kitu kinachoonekana: fungua takwimu za hifadhi yoyote, utakuta mafaili mengi hayajaguswa tangu mwezi yalipoingizwa. Kosa liko kwenye hatua inayofuata, pale mtu anapohitimisha kwamba kisichoguswa hakihitajiki.

Tuangalie picha za satelaiti. Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na kwa miongo mingi picha zake ziliuzwa. Mwaka 2001, uliokuwa mwaka wa mauzo makubwa kuliko yote, picha zipatazo 25,000 ndizo zilizonunuliwa duniani. Mtu wa hesabu angesema mkusanyiko ule ni mzigo, watu hawautaki. Mwaka 2008 Marekani ikaufungua mkusanyiko wote bila malipo, na mwaka 2009 zikapakuliwa picha zaidi ya milioni 1. Picha zilikuwa zile zile, na zilikuwa zimezidi kuzeeka. Kilichobadilika ni urahisi wa kuzifikia. Kwa hiyo idadi ya miguso inapima pia kizuizi ulichokiweka wewe mwenyewe mlangoni.

Sasa ulete jambo hilo kwenye delta ya Mto Rufiji. Mikoko ya Rufiji ndiyo msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko ulioungana katika pwani ya Afrika Mashariki, takribani hekta 50,000, na kwa miaka mingi sehemu yake, hasa upande wa kaskazini, imekuwa ikikatwa ili kulima mpunga. Anayetaka kujua kimekatwa kiasi gani, au mradi wa kaboni unaotaka kuonyesha msitu ulikuwaje kabla haujaanza kulindwa, hana kazi na picha ya wiki iliyopita peke yake. Anaitaka ya zamani kuliko zote ili ailinganishe na ya leo. Picha ya mwaka jana ikipotea, mwaka ujao itapigwa inayokaribiana nayo. Delta ya mwaka 1975 haipigwi picha tena na mtu yeyote.

Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huo limeikuza tofauti hiyo. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, katika mradi wenye uwezo wa megawati 2,115. Tangu hapo mto unaofika Kibiti ni mto unaozuiwa na kufunguliwa na watu. Takwimu zote za mtiririko, za mchanga na za mafuriko zilizokusanywa kabla ya hapo zimekuwa kumbukumbu za mto ambao hautapimwa tena katika hali ile. Aprili 2024, maji yalipofunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, watu waliuliza mara moja kama mafuriko yale yalifanana na ya zamani au yalikuwa mapya kabisa. Faili lililokaa miaka 20 bila kuguswa linaweza kuhitajika na watu wengi ndani ya wiki moja, na wiki hiyo haimo kwenye takwimu za miguso.

Kuna mafaili mengine ambayo thamani yake inakua kadiri yanavyozeeka. Mwaka 1998 ulianzishwa ufuatiliaji wa kaya katika vijiji vya Rufiji ya wakati huo, Kibiti, Bungu na Ikwiriri vikiwemo. Wahojaji walipita kila kaya kila baada ya miezi minne wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki, na ndugu wa marehemu wakaulizwa dalili alizokuwa nazo ili chanzo cha kifo kikisiwe. Takwimu hizo zilisaidia mradi wa TEHIP kuielekeza bajeti ya afya ya wilaya kwenye magonjwa yaliyokuwa yakiua watu kwa wingi. Mtoto aliyeandikishwa mwaka 1999 akiwa mchanga leo ni mtu mzima, pengine mzazi. Ukitaka kujua utoto wake umeathiri vipi afya yake ya sasa, rekodi ya kwanza ndiyo inayobeba swali lote. Kanuni inayoitazama rekodi hiyo kama kitu kilichokwisha kazi imeielewa kinyume.

Je, mafaili haya yasihamishwe? Yahamishwe. Ila sababu ya kuyahamisha iwe kwamba tunajua nani atayahitaji na anaweza kusubiri kwa muda gani. Umri wake peke yake hautoshi kuwa sababu.

"Kanuni inajua umri wa faili."

Haijui. Inajua siku ambayo faili liliingia katika hifadhi. Ramani ya kijiji iliyochorwa wakati wa Operesheni Rufiji, watu walipohamishwa kutoka bondeni baada ya mafuriko ya 1968, ukiiskani leo na kuipandisha, mfumo utaihesabu kuwa na umri wa siku moja. Itakaa kwenye hifadhi ya bei ghali miezi mitatu sawasawa na video ya droni ya jana iliyopigwa kwa bahati mbaya ikionyesha ardhi na viatu vya rubani. Na ukihamisha mkusanyiko wote kutoka akaunti moja kwenda nyingine, kama inavyotokea mradi unapokabidhiwa kwa halmashauri, saa inaanza upya kwa kila faili. Nimeona watu wakishangaa kwamba bili haishuki miezi miwili baada ya makabidhiano, huku kanuni ikifanya kile kile ilichoambiwa.

Anayejibu kwamba siku hizi kuna hifadhi inayojipanga yenyewe kwa kuangalia miguso amesema kweli nusu. Amazon wanayo tangu mwaka 2018: faili lisiposomwa siku 30 linashuka daraja, likisomwa linapanda. Ni kitu kizuri kwa mafaili makubwa ambayo mwenyewe hujui yatasomwa lini, na inatozwa ada ndogo ya kufuatilia kila faili. Lakini inachokiona ni mguso, haioni sababu ya mguso. Programu ya kutafuta virusi inayofungua kila kitu kila mwezi itayafanya mafaili yote yaonekane yanahitajika, na rekodi ya mpaka wa kijiji itaonekana haina mtu hadi siku ya kesi.

Dawa ya hili iko ndani ya kanuni zenyewe, na watu hawaitumii. Kanuni inaweza kuchagua mafaili kwa mwanzo wa jina lake, kwa lebo yaliyobandikwa, au kwa ukubwa wake. Kwa hiyo kabla ya kuwasha chochote, mtu anayelijua eneo akae na mkusanyiko na kuweka lebo: eneo kwa jina la zamani na la sasa, mwaka wa tukio lenyewe, aina ya kumbukumbu. Hapo ndipo faili la Rufiji la mwaka 2006 linapopata lebo ya Mahege pia, likaacha kuonekana ni la watu wengine. Ni kazi ya siku kadhaa na inachosha. Bila kazi hiyo, utakachokuwa umewasha ni kalenda tu.

"Hifadhi ya bei nafuu ina maana ya bili nafuu."

Mara nyingi, ndiyo. Tufanye hesabu kwa bei ambazo Amazon wamekuwa wakizitangaza kwa kituo chao cha Virginia. Cape Town, walikofungua kituo mwaka 2020, bei ziko juu zaidi, lakini mwenendo ni ule ule. Hifadhi ya kawaida ni dola 0.023 kwa kila gigabaiti moja kwa mwezi. Ile ya chini kabisa, Deep Archive, ni dola 0.00099. Mradi wenye terabaiti 10 za picha za droni unalipa kama dola 230 kwa mwezi juu, na kama dola 10 kwa mwezi chini. Kwa mwaka ni dola 2,760 dhidi ya 120. Kwa ofisi inayohesabu lita za mafuta ya boti, tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa.

Lakini chukua mkusanyiko wa aina nyingine: fomu za kaya zilizoskaniwa, kila moja kilobaiti 50, jumla yake fomu milioni 2. Ni gigabaiti 100 tu. Kwenye hifadhi ya kawaida zinagharimu dola 2.30 kwa mwezi. Kuzishusha hadi Deep Archive kuna ada ya dola 0.05 kwa kila mafaili 1,000, yaani dola 100 zinazolipwa mara moja. Zikishafika chini, kila faili linaongezewa kilobaiti 32 za maelezo yake kwa bei ya chini, na kilobaiti 8 nyingine zinabaki zikilipiwa kwa bei ya juu. Ukijumlisha yote, bili mpya ni kama dola 0.53 kwa mwezi. Unaokoa dola 1.77. Ili kurudisha zile dola 100 utangoje karibu miezi 57, miaka minne na miezi tisa, bila kugusa hata fomu moja.

Hesabu hiyo inawapata sana watu wa huku kwetu, kwa sababu kumbukumbu zetu nyingi ni za namna hii hii: fomu, risiti, kadi, barua za ukurasa mmoja. Mwaka 2024 Amazon walibadilisha mpangilio wa kawaida, na sasa mafaili yaliyo chini ya kilobaiti 128 hayahamishwi mpaka mwenye kanuni aseme waziwazi. Ni ulinzi mzuri, lakini nao una mtego wake. Mtu anaandika kanuni, anaona imekubaliwa, anawaambia wakubwa kwamba fomu zimeshashushwa, kumbe ziko pale pale.

Fomu ndogo zifungwe pamoja kwanza. Ukizifunga katika mafurushi ya gigabaiti 1, milioni 2 zinakuwa 100, ada ya kuhamisha haifiki hata senti moja ya dola, na bili ya mwezi ni kama senti 10. Kinachotakiwa sasa ni faharasa: orodha inayosema fomu ya kaya fulani, ya mzunguko fulani, imo kwenye furushi lipi. Faharasa hiyo ibaki juu, kwenye hifadhi ya haraka, na nakala yake iwepo ofisini. Isipokuwepo, mtu akitafuta fomu moja atalazimika kuyaamsha mafurushi yote 100 na kuyapekua, na akiba yote itaishia hapo.

Katika kundi hili hili la fedha kuna wanaotishia watu kwamba kurudisha data kutoka chini ni ghali kupita kiasi. Wanachanganya tozo mbili. Kuziamsha terabaiti 10 kutoka Deep Archive kwa kasi ya kawaida ni dola 200, na kwa njia ya polepole ya hadi saa 48 ni dola 25. Kinachouma ni tozo ya kuzitoa nje ya wingu kwa njia ya intaneti, kama dola 900 kwa kiasi hicho. Tozo hiyo ungeilipa hata kama mafaili yasingeshuka daraja kamwe. Haistahili kutumiwa kama hoja ya kupinga kanuni.

"Huko chini data inaoza."

Hapana. Amazon wanatangaza kiwango kile kile cha uimara, asilimia 99.999999999, kwa hifadhi ya juu na kwa Deep Archive. Unachopunguziwa ni haraka ya kulipata faili. Ipo hifadhi moja ya bei nafuu inayoweka data katika eneo moja tu la majengo badala ya matatu, na hiyo mtu aiepuke kwa kitu kisicho na nakala nyingine. Kwa zinazobaki woga huu hauna msingi. Hata CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya yenye data nyingi kuliko tunavyoweza kuwaza, bado inahifadhi kumbukumbu zake za muda mrefu kwenye tepu, kwa sababu tepu ni rahisi na inadumu.

Na ukitaka kujua hifadhi yenye hatari, angalia ilipo sasa data ya miradi mingi ya delta: diski ya nje ndani ya droo, kwenye hewa ya chumvi na unyevu, umeme ukikatika na kurudi, maji ya mto yakipanda msimu wa masika. Diski hiyo haina kanuni yoyote, wala hakuna anayejua lini ilifunguliwa mara ya mwisho.

Kosa la upande wa pili ni kusema kwamba faili likishashushwa limewekewa akiba. Kuhamisha ni kuhamisha. Kabla faili lilikuwa moja, baada yake ni moja, mahali pengine. Mtu mwenye nywila akilifuta, limefutika. Kadi ya benki ya mradi ikifa mradi ulipokwisha, na bili zikarundikana bila mtu wa kuzisoma, akaunti itafungwa na kilicho ndani kitaondoka nacho. Zaidi ya hayo, fomu ile ile ya kuandikia kanuni ya kuhamisha ndiyo yenye chaguo la kufuta kabisa baada ya siku kadhaa, na machaguo hayo mawili yanakaa jirani. Namsihi kila anayeandika kanuni: sehemu ya kufuta isomwe na mtu wa pili kabla ya kuhifadhiwa.

"Kusubiri saa 12 hakuvumiliki."

Hoja hii huletwa na watu walio karibu na waya za kasi. Deep Archive, kwa njia ya kawaida, inachukua hadi saa 12 kuliamsha faili, na Glacier ya daraja la juu yake inachukua saa 3 hadi 5. Sasa mweke mtafiti au ofisa misitu Mahege, na intaneti ya simu ya megabiti 5 kwa sekunde, siku ambayo mtandao umekubali. Gigabaiti 50 za picha zitamchukua saa 22 kuzipakua, na bando lake litakuwa limekwisha kabla. Kwa mtu huyo foleni ndefu ni ya kupakua, na faili ghafi lingekuwa kwenye hifadhi ya juu bado asingelifaidi.

Kinachomfaa ni mpango tofauti: nakala ndogo ya kila picha, ya kilobaiti 200 badala ya megabaiti 20, ibaki juu pamoja na faharasa. Kwa nakala hiyo ataona kijito, ataona mpunga umefika wapi, atachagua picha tatu anazozihitaji kwa ukamilifu, na kuziomba jioni ili azikute asubuhi. Faili ghafi lishuke. Kwa maoni yangu huu ndio mpangilio unaowatendea haki watu walio mbali, na ni wa bei ndogo. Shirika la Anga la Ulaya, kwenye tovuti yake ya zamani ya picha za Sentinel iliyofungwa mwaka 2023, lilifanya jambo la jamii hiyo: picha za zamani zilishushwa, lakini orodha yake yote ilibaki wazi, mtumiaji akaomba na kusubiri. Watu walilalamika kuhusu kusubiri, na walikuwa na haki. Hata hivyo walijua wanasubiri nini, kwa sababu orodha ilibaki mbele ya macho yao.

"Kanuni moja kwa kila kitu, kisha tusahau."

Siku 90 kwa kila faili ni rahisi kuandika. Lakini masijala za serikali zilishaona zamani kwamba haiwezekani. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inataka kila aina ya kumbukumbu iwe na muda wake: jalada likiwa hai linakaa masijala, likifungwa linakuwa kumbukumbu tuli na kupelekwa kituo cha kumbukumbu, na mwisho wake ni ama kuteketezwa kwa kibali au kuingia nyaraka za taifa, ambazo kwa kawaida hufunguliwa kwa umma zikitimiza miaka 30. Mpango huo una madaraja na tarehe kama ule wa wingu. Kilicho tofauti ni kwamba wa masijala unaanza kwa kuuliza jalada linahusu nini.

Sheria nyingine zinatupa tarehe ambazo hatuna haja ya kuzibuni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka hesabu zitunzwe angalau miaka 5, kwa hiyo risiti za mradi zikikaa mahali pa haraka hadi ukaguzi upite, zinaweza kushuka, na baada ya muda huo zikafutwa. Kesi ya mkataba ina ukomo wa miaka 6. Kesi ya kudai ardhi ina ukomo wa miaka 12. Mzee wa Mahege anayedai shamba la mikorosho aliloachiwa na babake anaweza kuingia ofisini mwaka wa 11 akiulizia muhtasari wa kikao cha kijiji. Muhtasari huo una kilobaiti chache, hauokoi hata senti ukishushwa, na ukikosekana siku hiyo mtu anapoteza shamba. Ubaki juu. Picha ghafi za droni za kikao kile kile zinaweza kushuka wiki ya pili.

Wanaodhani kwamba kushusha data za watu kunawaondolea wajibu nao wamekosea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimruhusu mtu kukaa na taarifa za watu kuliko muda unaohitajika kwa lengo lake, na inampa mhusika haki ya kuzifikia taarifa zake. Faili la dalili za marehemu na jina la mama yake likilala Deep Archive miaka 10 bado linamilikiwa na mtu, bado sheria inalishika, na kama limelala nje ya nchi masharti ya kusafirisha taarifa yanalihusu. Majina yatenganishwe na takwimu kabla ya kushushwa. Kuja kuyatenganisha baadaye kutataka uamshe kila kitu.

"Tukikosea tutageuza."

Kanuni za kuhamisha za Amazon zinashusha tu. Hawana kanuni ya kupandisha. Faili likishafika Deep Archive, ombi la kulirudisha linakupa nakala ya muda, ya siku ulizotaja, na lenyewe linabaki chini. Ukitaka lipande moja kwa moja, linanakiliwa upya, kwa ada zake, na kama halijatimiza siku 180 huko chini unalipishwa siku zilizobaki hata ukiliondoa. Aliyeshusha mkusanyiko mzima Jumatatu na kujuta Ijumaa atalipa kushusha, kuamsha, kunakili, na karibu miezi sita ya pango la mahali asipokaa.

Kwa hiyo anza na folda moja. Iwekee lebo, funga mafaili madogo katika mafurushi, hakikisha faharasa na nakala ndogo ziko juu na nakala ya pili ya kila kitu iko mahali pengine, kisha washa kanuni kwa folda hiyo peke yake. Baada ya wiki mbili, mwombe mtu ambaye hakuiandika, ikiwezekana ofisa wa kata anayeulizwa na wananchi kila siku, atafute mambo matatu ya kweli kwa simu yake: mpaka wa kijiji, picha ya mikoko ya mwaka fulani, fomu ya kaya moja. Pima saa alizotumia na fedha iliyokatwa. Akivipata vyote vitatu bila kukupigia simu, washa kanuni kwa folda ya pili.